Kabla ya staji: kumzoeza mwanafunzi kusema kazi na kushika kundi

Miaka kadhaa iliyopita, katika karakana moja ya hapa Lubumbashi, kijana wa staji, yaani mazoezi ya kazini, aliona mafuta yakivuja chini ya mashine saa mbili na nusu asubuhi. Alijua yanatoka wapi, maana somo hilo alikuwa amelifaulu vizuri. Lakini msimamizi wake alikuwa anazungumza na mzee mwingine, kisha akaingia ofisini, kisha akaenda kula. Kijana akangoja. Saa saba mashine ikasimama yenyewe, na zamu nzima ikakaa bila kazi hadi jioni. Alipoulizwa kwa nini hakusema, alijibu macho yakiwa chini: "Papa, niliogopa kukukatiza."

Mimi ndiye niliyempeleka pale. Nilikuwa nimemfundisha miaka miwili, na katika miaka hiyo sikuwahi kumpa nafasi hata moja ya kumwambia mkubwa jambo ambalo mkubwa hapendi kulisikia.

Vijana wetu hawakosi maneno. Wasikilize wakipatana bei katika soko la Kenya, komini ya hapa mjini, au wakibishana baada ya mechi ya Mazembe. Wanachokosa ni mazoezi ya kusimama mbele ya mwenye cheo na kusema, kwa muda mfupi, jambo ambalo kazi inalingoja. Heshima waliyolelewa nayo ni mali kubwa, ila wengi wameishika kama amri ya kunyamaza. Mwongozo huu ni wa kuwaonyesha kwamba kumpa mkubwa ukweli mapema ni heshima pia, na kuwazoeza mpaka ulimi uzoee. Nimeuandika kwa ajili ya walimu wa mwaka wa mwisho, wasaidizi wa chuo, viongozi wa vijana parokiani, na kaka au dada mkubwa yeyote mwenye kundi la wanafunzi wanaokaribia kwenda staji.

Unachohitaji ni wanafunzi kumi, Jumamosi kumi, na saa mbili kila mara. Ukumbi wowote unafaa, hata darasa la shule ya msingi ya Katuba. Tafuta ubao, chaki, saa inayoonekana na wote, na daftari moja kwa kila mmoja. Usipange chochote kinachotegemea umeme, kwa sababu delestaji, yaani mgao wa umeme, haina ratiba ya kuaminika. Kumi ni idadi ninayoipenda kwa sababu nitakayoeleza nikifika kwenye kapita, kiongozi wa kundi wa kila wiki. Wakizidi kumi na wanne, gawa makundi mawili, la sivyo wale wazito wa kusema watajificha nyuma ya wepesi.

Hatua ya 1: Tafuta mazungumzo halisi ya kazini

Mafunzo mengi ya namna hii huanza kwa kumsimamisha kijana mbele ya wenzake atoe hotuba juu ya umuhimu wa elimu. Mimi niliacha. Mwaka wake wa kwanza kazini kijana hatatoa hotuba yoyote. Atamwambia mtu wa stoo kwamba boliti zilizokuja ni fupi. Atamwambia muuguzi mkuu kwamba mgonjwa wa kitanda cha tatu amekataa dawa.

Kwa hiyo, wiki moja kabla ya kuanza, nenda ukawaone watu watatu au wanne wanaopokea vijana wapya: fundi mkuu wa gereji, mhasibu, muuguzi, mtu wa mgodini. Waulize swali moja: "Kijana mpya akifika kwenu, wiki ya kwanza anapaswa kumwambia nani, na kumwambia nini?" Andika maneno yao kama walivyoyasema, usiyapambe. Hayo ndiyo yatakuwa mazoezi yako.

Kila nilipouliza, majibu yaliangukia kwenye mafungu yaleyale: kupokea agizo, kutoa ripoti, kupeleka habari mbaya, kumkabidhi zamu anayekuja, kuomba kitu, na kukataa kwa adabu. Fungu la tatu ndilo lililowatia wasimamizi uchungu zaidi, na ndilo litakalochukua nafasi kubwa hapa chini.

Hatua ya 2: Amueni lugha

Mji wetu una lugha nyingi kazini, na kijana akichanganyikiwa hapo atadhaniwa hajui kazi. Kifaransa ndicho lugha rasmi ya nchi, na ripoti ya staji itaandikwa kwa Kifaransa. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, na ndicho kinachofanya kazi yenyewe iende: karakanani, kwenye foleni ya lori, jikoni mwa hoteli. Akienda upande wa Fungurume au Kolwezi anaweza kukutana na msimamizi anayesema Kiingereza, au Kichina kupitia kwa mtafsiri.

Zoezi lake ni hili. Mpe kila mwanafunzi ujumbe mmoja mfupi, kwa mfano: pampu ya pili imesimama, maji yataisha kwenye tangi kabla ya adhuhuri, tunahitaji fundi wa umeme. Aufikishe mara tatu. Mara ya kwanza kwa Kiswahili cha hapa mjini, kile kisemacho *batu* na *bintu* badala ya watu na vitu, kwa mwenzake wa zamu. Mara ya pili kwa Kifaransa cha sentensi tatu, kama anamwandikia mkuu wa idara. Mara ya tatu kwa mtafsiri, yaani kwa sentensi fupi fupi, bila methali wala mzaha, akikaa kimya baada ya kila moja ili mtafsiri afanye kazi yake. Mara ya tatu huwashinda wengi. Wanasema sentensi ndefu yenye viungo vitano, na mtafsiri anabaki na viwili.

Usimruhusu yeyote kucheka Kiswahili cha mwenzake wala Kifaransa cha mwenzake. Nimeona binti mwenye akili nyingi akinyamaza wiki nne kwa sababu ya kicheko kimoja juu ya kosa la jinsia ya neno la Kifaransa. Hilo ukilikuta, lisimamishe papo hapo, mbele ya wote.

Na kuna suala la saa. Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Kijana akipanga mazungumzo ya simu na ofisi ya Kinshasa bila kutaja ni saa za wapi, mmoja atangoja na mwingine atakasirika. Tena "saa tatu" kwa mmoja ni asubuhi ya Waswahili, kwa mwingine anayehesabu kwa Kifaransa ni alasiri. Kwenye maandishi waandike tarakimu, 9h00, kisha waongeze "saa za Lubumbashi". Ni maneno matatu tu.

Hatua ya 3: Kupokea agizo

Katika desturi yetu, "ndiyo" mbele ya mkubwa mara nyingi ina maana "nimekusikia". Mkubwa wa kazi anaichukua kuwa "nimeelewa na nitafanya". Katikati ya maana hizo mbili ndipo kazi nyingi zinapoharibika.

Waketishe wawili wawili, migongo ikielekeana. Mmoja ana mchoro wa maumbo manne au matano, mwingine ana karatasi tupu. Mwenye mchoro anaeleza, mwenzake anachora bila kuuliza. Walinganishe. Kisha warudie na mchoro mwingine, safari hii mpokeaji anauliza na kurudia kila alichosikia kabla ya kuchora. Tofauti ya karatasi hizo mbili inafundisha kuliko maelezo yangu yote.

Baada ya hapo weka kanuni itakayodumu Jumamosi zote kumi: anayepokea agizo anarudia kwa sauti *kitu gani, wapi, kiasi gani, kabla ya saa ngapi*. "Sawa Papa. Mifuko kumi na mitano ya sementi, nyuma ya jengo la pili, kabla ya saa nne. Je, ile iliyoloa niihesabu pia?" Migodini wanaozungumza kwa redio hufanya vivyo hivyo: humtaja anayeitwa, hujitaja wenyewe, hutoa ujumbe, na aliyeupokea anaurudia kabla hajasogeza gari. Waambie vijana jambo hilo. Likitoka mgodini hawalioni tena kuwa la kitoto.

Hatua ya 4: Ripoti ya dakika moja

Sikiliza ripoti ya kijana ambaye hajazoezwa:

"Shefu, tulifika pale, tukamkosa yule papa, tukangoja, halafu umeme ukakatika, tukasema tutafute jenereta, lakini sasa yule mwenye funguo alikuwa ameenda..."

Na shefu, ambaye ana watu wengine sita wa kuwasikiliza, anamkata: "Kazi imekwisha au haijakwisha?"

Sasa msikilize yuleyule wiki tatu baadaye:

"Shefu, vyumba vinne kati ya sita vimekwisha. Viwili vimebaki, kwa sababu umeme ulikatika saa nne na hatukuweza kutoboa ukuta. Funguo ya jenereta anayo mtu wa stoo. Tukiipata kabla ya saa nane, tunamaliza leo."

Andika ubaoni mambo manne: kilichofanyika, kilichobaki, kinachozuia, kinachohitajika. Yafuate mpangilio huo. Kilichofanyika kinatangulia kwa sababu ndicho anachokitafuta anayesikiliza, na akishakipata, masikio yake yanafunguka kwa mengine. Sisi tumezoea kusimulia kuanzia mwanzo wa safari, na kwa hadithi ya jioni ni vizuri sana. Kazini anza na mwisho.

Kila mmoja atoe ripoti ya jambo alilolifanya kweli wiki hiyo: kumpeleka mdogo wake hospitali, kutafuta saini ya mlezi wa memwari (tasnifu ya kumaliza masomo), kuuza maji. Tumia saa, ukimkatiza ifikapo dakika moja. Jumamosi ya kwanza hakuna atakayefika jambo la tatu. Ya tatu, wengi watamaliza na sekunde zitabaki.

Wasiandike maneno ya kukariri. Mji huu ulikuwa na shule nzuri ya jambo hilo: kundi la maigizo la Mufwankolo, ambalo wazee wetu walilifuata kwa Kiswahili cha hapa hapa redioni na kwenye televisheni. Waigizaji walikaa, wakajadili mada, wakagawana sehemu, wakarudia mpaka mchezo ukasimama, na kila mmoja akasema kwa maneno yake. Kijana anayekariri akisahau neno moja anaanguka lote. Anayejua mambo yake manne hapotei hata akikatizwa katikati.

Hatua ya 5: Habari mbaya kwa mkubwa

Hapa ndipo nataka ukae. Ipe hatua hii Jumamosi mbili nzima, hata tatu.

Kwanza zungumzeni kuhusu hofu yenyewe. Uliza kila mmoja: nyumbani kwenu, ukivunja kitu, nini kilifuata? Ukimsahihisha mjomba mbele ya wageni, nini kilifuata? Waache waseme. Utasikia kwamba karibu wote walifundishwa kungoja mkubwa ajionee mwenyewe. Usiwadharau wazazi wao, kwa sababu nyumba ina taratibu zake na zimetulea. Waambie tu kwamba mashine, mgonjwa na hesabu haviwezi kungoja hivyo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo wanaijua, na kazini inafanya kazi kila siku.

Kisha wape njia. Mimi ninawafundisha sehemu tano, nazo zinaonekana katika mazungumzo haya ya ofisi ya malipo:

— Mama, samahani kukukatiza. Nina jambo la dakika mbili ambalo haliwezi kungoja.

— Sema.

— Orodha ya mishahara niliyokuletea jana ina kosa. Siku za mlinzi wa usiku nimeandika ishirini na mbili, zilikuwa ishirini na sita. Kosa ni langu. Nimeuliza, orodha bado haijaenda benki. Nimetengeneza nyingine, hii hapa. Ninaomba uitazame kabla ya saa sita, maana karani anaondoka saa hiyo.

Anaomba nafasi, na anasema ni dakika ngapi. Anataja tatizo kwenye sentensi ya kwanza, bila kulizunguka. Anakiri sehemu yake kwa maneno matatu tu, hajipigi kifua wala hajitetei. Anasema alichokwisha kufanya. Anaomba uamuzi mmoja wenye saa yake. Cheo cha Mama hakijaguswa, tena amepewa uamuzi mkononi, na hapo ndipo heshima ilipo.

Wacheze mazungumzo hayo, lakini usiwape wanafunzi wenyewe nafasi ya mkubwa. Watacheka, na zoezi litakufa. Mlete mtu mzima wa kweli. Komini zetu zimejaa wazee wastaafu wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, na mama waliosimamia wodi miaka thelathini. Mwombe mmoja aje asubuhi moja, umpe chai na mkate, umweleze unachotaka. Mzee niliyewahi kumwomba alikaa kwenye kiti, akakunja mikono, hakusema neno, na vijana watatu wa kwanza walisahau walichokuja kusema. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli, ndiyo maana ilifaa kuishinda pale ukumbini kabla ya kuikuta kazini.

Mzunguko wa pili, mwambie mzee akasirike. Apaze sauti, aseme "Nani alikuambia uguse?" Hapa kijana anajifunza mambo mawili. Asijibu hasira, na asikimbie kabla hajapata uamuzi. Anangoja sauti ishuke, kisha anarudi palepale: "Nimekuelewa, Papa. Ninaomba tu uniambie, tusimamishe au tuendelee?" Sentensi hiyo moja warudie mpaka itoke bila kutetemeka. Baada ya kila mmoja, mzee aseme yeye alivyosikia moyoni akiwa mkubwa. Maneno ya mzee yana uzito ambao yangu hayana. Yule wa kwangu aliwaambia kwamba katika kazi yake yote hakuwahi kumchukia kijana aliyemletea kosa mapema, na chumba kikanyamaza.

Mfundishe pia mahali pa kusemea. Kosa la mkubwa mwenyewe lisemwe pembeni, watu wawili tu, kwa umbo la swali: "Shefu, nilisoma vibaya au vipimo hivi vimepishana na vya jana?" Anayesahihishwa mbele ya kundi hulinda uso wake kwanza, na kipimo kinasahaulika.

Kuna pahali ambapo haya yote yanawekwa kando. Mtu akikaribia kuumia hakuna samahani, hakuna dakika mbili, hakuna Papa wala Mama. Kuna neno moja, kwa sauti kubwa kabisa: *Simama!* Makampuni mengi ya migodi yameandika katika kanuni zao kwamba mfanyakazi yeyote, hata wa siku ya kwanza, anaweza kusimamisha kazi yenye hatari. Kanuni hiyo haina faida kwa kijana ambaye hajawahi kupaza sauti mbele ya wakubwa. Watoe nje uwanjani, mmoja baada ya mwingine, wapige ukelele huo. Wasichana wengine walilelewa wasipaze sauti kabisa, kwa hiyo wape muda, na warudie mpaka mtu aliye mwisho wa uwanja ageuke.

Hatua ya 6: Kapita wa wiki

Wazee waliofanya kazi Union Minière, kabla haijataifishwa na baadaye kuitwa Gécamines, wanalikumbuka neno *kapita*: mkuu wa kikosi kidogo, aliyesimama kati ya wakubwa na wafanyakazi. Ninalitumia bado. Kwa Jumamosi kumi na wanafunzi kumi, kila mmoja ni kapita mara moja. Uongozi haufundishwi kwa kueleza sifa za kiongozi bora. Kijana apewe watu tisa, kazi moja, na saa ya mwisho.

Kazi iwe ya kweli na iwe na mwisho unaoonekana: kusafisha ukumbi na kuukabidhi kwa mwenye nao kabla ya saa sita, kumtafuta mgeni wa wiki ijayo na kumleta, kuwapeleka wenzake kutembelea karakana na kuwarudisha wote. Wewe unamwambia kinachotakiwa siku ya Jumatatu, kisha unanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Utaona anakosea, na mkono utakuwasha. Ukiingilia, wale tisa watakutazama wewe hadi mwisho wa mafunzo.

Kosa la kwanza la kila kapita ni kutoa agizo hewani: "Jamani, mtu alete maji." Hakuna mtu anayeitwa Mtu, na maji hayaji. Vijana wote wa hapa wanamkumbuka Kidiaba, kipa wa Mazembe ya mwaka 2010 iliyofika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu kule Abu Dhabi, timu ya kwanza ya Afrika kufika hapo. Wanakumbuka alivyorukaruka akiwa amekaa chini kwa kusherehekea. Mimi ninawaomba watazame dakika nyingine zote za kipa yeyote: anauona uwanja mzima, na haiti "mtu", anaita jina na kuonyesha upande. Kapita ataje jina, kitu na saa.

Fedha nazo ziingie. Anzisheni likelemba ndogo: kila mmoja faranga elfu mbili kwa wiki, na elfu ishirini zinamfikia mmoja kila Jumamosi, kwa kura, mpaka wote kumi wapate. Kapita wa wiki ndiye mtunza fedha. Anahesabu mbele ya wote, anaandika, anasoma alichoandika, wote wanatia saini. Wiki ambayo mmoja hakuleta mchango ndiyo wiki ya mafunzo makubwa, kwa sababu kapita lazima aongee na rafiki yake kuhusu fedha bila kumfedhehesha na bila kumwachia. Usimwokoe. Kaeni baadaye, nyinyi wawili, umuulize: ulisema nini, yeye alisikia nini, ungeanzaje kama ungerudia?

Angalia jambo moja kwa makini. Mwaka wa kwanza nilipofanya hivi niligundua kwamba, hata kapita awe nani, wasichana waliandika na kupika chai, wavulana walibeba funguo na kuzungumza na wageni. Hakuna aliyepanga, lilitokea tu, na mimi sikuliona kwa wiki tano. Sasa kazi za kundi zinakwenda kwa zamu iliyoandikwa ukutani tangu siku ya kwanza. Binti anayekwenda staji bila kuwahi kushika funguo atanyang'anywa funguo huko pia.

Hatua ya 7: Dakika tano za usalama

Katika migodi na karakana kubwa, zamu huanza kwa mkutano mfupi wa kusimama: hatari ya leo ni ipi, nani anafanya nini, nani hajisikii vizuri. Mara nyingi wafanyakazi huuongoza kwa zamu, na kijana mpya huangukiwa na zamu mapema. Fungua kila Jumamosi hivyo hivyo, ukiongozwa na kapita. Hatari ziwe za ukumbini kweli: waya ulio wazi karibu na mlango, paa linalovuja, barabara wanayovuka wakirudi jioni. Amalize kwa kuuliza swali kwa mtu mmoja kwa jina lake. Akiuliza "mmeelewa?" watu wote watajibu "ndiyo", na tumeshaona "ndiyo" hiyo ina thamani gani.

Hatua ya 8: Simu, ujumbe na mahojiano

Hili halihitaji muda mrefu. Ujumbe wa WhatsApp kwa msimamizi uanze kwa salamu moja, jina kamili, na anakotoka, kisha jambo lenyewe, yote katika ujumbe mmoja. Kutuma "Bonjour Papa" na kungoja ajibu ndipo useme ni kumsumbua. Sauti za dakika nne zisitumwe kwa mkubwa kabisa.

Kwa mahojiano ya kazi, kila mmoja atayarishe visa vitatu vya kweli kutoka Jumamosi hizi: siku nilipoongoza, siku nilipokosea, siku nilipotofautiana na mwenzangu. Kijana ambaye hajawahi kuajiriwa hudhani hana la kusema. Aliyekusanya michango ya likelemba wiki ambayo wawili hawakulipa ana la kusema. Asiongeze chumvi, kwa sababu anayemhoji atauliza swali la pili na la tatu.

Wajue pia kipindi cha majaribio. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inaruhusu hadi mwezi mmoja kwa kibarua asiye na ujuzi maalumu, na hadi miezi sita kwa wafanyakazi wengine. Katika muda huo msimamizi anatazama sana kama kijana anauliza, anarudia, anatoa taarifa.

Hatua ya 9: Usiwaache wakishaenda staji

Kila Ijumaa jioni kijana aandike katika daftari lake mistari mitatu: jambo nililolisema wiki hii kwa wakati, jambo nililolinyamazia, na nililinyamazia kwa nini. Mstari wa tatu ndio utakaousoma wewe. Kutaneni mara moja kila wiki mbili, hata kwa nusu saa baada ya misa au ibada. Na mpigie msimamizi wake simu mara moja katikati ya staji. Usimuulize kama kijana "ni mzuri", maana atasema ndiyo kwa adabu. Muulize: "Mara ya mwisho alipokuletea tatizo ilikuwa lini?" Akitaja siku na jambo, kazi inakwenda. Akisema kijana huyu hana tatizo lolote, panda teksi uende ukamwone kijana wiki hiyo hiyo.

Jumamosi ya kumi waachie wao. Wawaalike wale uliowahoji katika hatua ya kwanza, fundi, mhasibu, muuguzi, waketi mbele, kila mwanafunzi apewe tatizo asilolijua kabla na alipeleke kwa mmoja wao. Kapita wa siku hiyo aongoze kila kitu, kuanzia kupokea wageni mpaka kufunga mlango. Wewe kaa kwenye benchi la nyuma. Funguo za ukumbi mpe tangu Ijumaa jioni, na simu yako izime.